Inua Gunia Kwanza

Leo posti ni ndefu na mzaha ni kidogo, kwa hivyo kama uko kwa matatu kutoka Kanduyi kwenda Kitale, una wakati. Soma pole pole.

Juzi usiku nilikuwa natembeza kidole TikTok nikapatana na vidio ya msichana mmoja wa Uingereza akimvalisha farasi wake blanketi. Si blanketi ya kutupia tu juu. Imeshonwa kwa kipimo cha farasi, ina mikanda ya kufungia kifuani, mingine inapita chini ya tumbo ikipishana, na kuna kamba inayozuia upande wa nyuma usipeperushwe na upepo. Msichana anaeleza: hii ni ya mvua, hii ni ya baridi kavu, hii ni ya kuzuia nzi, hii ya usiku. Blanketi nne, farasi mmoja.

Sasa nenda kwa komenti za Wakenya. "Huyo farasi ananishinda maisha." "Mimi nalalia leso, yeye ana ya kubadilisha." "Niambieni wanaandika farasi wapi, nipeleke barua." Nilicheka mpaka mama akaniuliza kutoka chumba kingine ni nini.

Halafu kicheko kikaniishia mdomoni, kwa sababu nilimkumbuka Nekesa.

Nekesa ni punda wa khocha wangu. Kwa nyinyi ambao si Wabukusu, khocha ni mjomba, kaka yake mama, na khocha si mtu wa kuchezewa. Khocha ndiye aliyenivalisha nyama shingoni mwaka wa 2016, siku moja kabla ya kisu. Mtu kama huyo ukimkosea, hata ukimwomba msamaha unaomba ukiwa umeinamisha kichwa. Na mimi nilimkosea, tena mbele ya watu elfu arobaini.

Ilikuwa hivi. Khocha anaishi juu kidogo ya Kimilili, ukipanda barabara ya Kapsokwony. Ana mkokoteni, na Nekesa ndiye injini. Asubuhi ni maji, mchana ni mahindi au kuni, siku ya soko ni kabichi na viazi vya watu wa mlimani. Pale ambapo mkokoteni haupiti, kwa sababu njia ni tope na mawe, mzigo unawekwa mgongoni moja kwa moja, gunia la nailoni likiwa limekunjwa chini yake. Hilo gunia ndilo tandiko. Karibu kila punda wa huku ana hilo gunia, na sisi wote tumelizoea mpaka hatulioni tena.

Desemba moja nilienda kumsalimia. Nikiwa na simu mkononi kama kawaida yangu, nikainua lile gunia. Chini yake kulikuwa na kidonda ukubwa wa kiganja, juu kabisa ya uti wa mgongo, na nzi wakaruka wote kwa pamoja. Nilipiga vidio. Nikaweka muziki wa huzuni, nikaandika "Bungoma tuna roho gani?", nikaposti. Usiku huo ilipaa kuliko kitu chochote nilichowahi kutengeneza. Watu wakamtukana mwenye punda matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mmoja alisema afungwe gunia mgongoni naye achapwe mpaka Webuye. Nikaweka moyo mwekundu kwa hiyo komenti. Mimi, mtoto wa dada yake.

Na kuna jambo ambalo sikuandika kwa ile vidio. Karo yangu ya kidato cha tatu, muhula wa pili, ilitoka kwa ule mkokoteni. Mama alikuwa amekwama, khocha akaleta noti za mia mbili mbili zilizonuka jasho la punda. Hiyo sehemu haikuwa na muziki wa huzuni, kwa hivyo haikuingia.

Vijana wa kanisa lao wakautambua mkokoteni na wakamwonyesha. Hakunipigia simu kunigombeza. Nilipoenda mwenyewe, nikiwa na sukari na majani chai ya kuombea msamaha, aliniketisha, akaniuliza maswali mawili.

La kwanza: "Kijana wangu, uliona kidonda, ukaona ni vizuri uambie watu wa Nairobi kabla hujaniambia mimi?"

La pili: "Sawa, sasa umeniambia. Nifanye nini?"

Wasee, lile la kwanza liliniuma. Lile la pili ndilo lilinimaliza. Sikujua. Nilikuwa na hasira ya watu elfu arobaini kwa simu yangu na hakuna hata mmoja, mimi nikiwa wa kwanza, aliyejua tandiko la punda linafaa kuwa la namna gani. Nilifuta ile vidio hapo hapo mbele yake. Lakini kufuta hakuponyi kidonda.

Kwa hivyo hoja yangu leo ni moja: punda wa Bungoma na Kitale hawaumii hasa kwa sababu wenye punda wana roho mbaya. Wengi wanaumia kwa sababu ya kitambaa. Kitambaa kibaya, kimewekwa vibaya, na hakuna mtu anayeinua kuangalia. Na hicho ni kitu tunachoweza kurekebisha kwa pesa kidogo kuliko bando zako za mwezi.

Wacha niwaeleze nilichofundishwa na daktari wa mifugo aliyekuja kumtibu Nekesa, pamoja na yale niliyosoma baadaye.

Punda ni mnyama wetu, si mgeni. Mababu zake ni punda mwitu wa Afrika. Utafiti wa vinasaba uliotoka mwaka wa 2022 katika jarida la Science ulionyesha kwamba punda walifugwa mara ya kwanza huku upande wetu wa Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika, yapata miaka 7,000 iliyopita. Yaani huyu ni mtoto wa nchi kavu na jua. Manyoya yake hayazuii maji kama ya farasi. Akinyeshewa, maji yanafika kwa ngozi haraka. Sasa mchukue mtoto wa jangwa, umlete chini ya Mlima Elgon, ambao kilele chake kina mita 4,321, mvua inaanza Machi na mawingu hayaelekei kwisha, halafu umlaze nje amefungwa kwa mti. Unashangaa akikohoa?

Kitu kingine: punda hafanyi drama. Ng'ombe akiumwa utajua, mbuzi atalia kijiji kizima kisikie. Punda hunyamaza. Anaweza kuvuta mkokoteni na kidonda mgongoni bila kutoa sauti, na wewe unasema "huyu ni mgumu". Si ugumu. Mnyama aliyeishi kati ya simba amejifunza kutoonyesha unyonge. Ukisubiri punda akuambie anaumwa, utasubiri mpaka aanguke.

Sasa turudi kwa gunia. Gunia la nailoni lina makosa matatu. Halinyonyi jasho, kwa hivyo ngozi inabaki imelowa na moto. Linateleza, kwa hivyo kila hatua ni kusugua. Na mikunjo yake pamoja na uzi wake ni migumu, inakata kama kisu butu. Ongeza mzigo juu. Gunia la mahindi letu ni kilo 90. Punda wa kawaida wa huku hafikishi hata kilo 200, wengi ni wadogo zaidi ya hapo, na kanuni inayofundishwa ni kwamba mzigo wa mgongoni usizidi theluthi ya uzito wake. Fanya hesabu mwenyewe. Gunia zima mgongoni ni kama wewe kumbeba rafiki yako kutoka Chwele mpaka Bungoma mjini, ukiwa umevaa mfuko wa plastiki badala ya shati. Kwa mkokoteni anaweza kuvuta zaidi, kwa sababu magurudumu ndiyo yanayobeba, lakini mzigo ukae sawa juu ya ekseli. Ukilalia mbele, uzito wote unashuka kwa mgongo. Ukilalia nyuma, mkanda wa tumbo unamnyanyua kama mtu anayeninginizwa.

Tandiko zuri ni rahisi kuliko unavyofikiri. Tulitengeneza moja na khocha pale pale uani. Tulinunua blanketi kuukuu la pamba kwa mitumba, magunia mawili ya katani, na nyasi kavu hazikuwa na bei. Shangazi akaleta sindano ya magunia. Tulishona mito miwili mirefu, kama soseji mbili nene, tukaijaza nyasi, tukaiunganisha ikabaki nafasi katikati ya upana wa vidole vinne. Hiyo nafasi ndiyo siri yote. Mto mmoja unakaa upande huu wa uti wa mgongo, mwingine upande ule, na uti wenyewe hauguswi na kitu. Mzigo unakaliwa na nyama ya mbavu, si mfupa. Kitambaa kinachogusa ngozi ni pamba, si nailoni. Tandiko liwe refu na pana kuliko mzigo, ili kamba isipate mahali pa kuuma ngozi.

Mkanda wa kifua ndio wa pili. Wengi tunatumia kamba au mpira wa gari uliokatwa. Unafaa kuwa mpana kama kiganja chako, umezungushiwa blanketi lililokunjwa, na ukae juu ya ncha ya bega lakini chini ya koo. Ukipanda juu unamkaba pumzi. Ukishuka chini unamzuia mguu kwenda mbele. Ukishamaliza kufunga, pitisha mkono wako ukiwa umelala kati ya mkanda na ngozi. Usipopita, umekaza sana. Ukipita pamoja na kiwiko, umelegeza na utasugua.

Na kila asubuhi, kabla ya kitu chochote, mpanguse punda mgongo. Mwiba mmoja au punje moja ya mahindi chini ya tandiko inatosha kuanzisha kidonda. Jioni toa tandiko, lianike, mwangalie tena. Manyoya yakiwa yamekatika au mahali pana joto, hiyo ni barua inakuja. Isome kabla haijawa kidonda.

Kidonda kikishatokea, hakuna tandiko litakalokiokoa. Apumzike. Kioshwe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, yakiwa na chumvi kidogo, na daktari aitwe kikiwa kirefu. Oili chafu ya gari hapana. Maji ya betri hapana. Najua mzee fulani kwenu alitumia na punda akapona. Alipona licha ya oili, si kwa sababu yake.

Sasa blanketi yenyewe, ile ya kujifunika, kwa sababu ndiyo ilianzisha haya yote. Je, punda wetu avalishwe kama yule farasi wa TikTok? Jibu langu ni hapana kwa wengi na ndiyo kwa wachache.

Punda mzima, mwenye nyama, aliye mkavu, hapa Bungoma mjini hahitaji blanketi. Utampikia ndani. Anachohitaji ni paa. Mabati matatu, ukuta upande unaotoka upepo, na sakafu iliyoinuliwa isisimame maji. Hiyo inashinda blanketi yoyote.

Lakini punda mzee, aliyekonda, mgonjwa, au kinda, huko juu Kapsokwony au Kopsiro usiku wa mvua, huyo blanketi inaweza kumwokoa. Na hapo kuna masharti. Kwanza akaushwe. Msugue kwa nyasi kavu au gunia la katani mpaka maji yaishe, kwa sababu kufunika punda aliyelowa kwa kitu kisichopitisha hewa ni kumfungia baridi na jasho ndani. Pili, blanketi ianzie pale shingo inapokutana na mabega na iishie kwa shina la mkia. Ikiwa ndogo inavuta mabega na kuchubua. Ikiwa kubwa inazunguka, anaikanyaga, anaanguka. Tatu, kifuani uwezo wa kupitisha kiganja, chini ya tumbo nafasi ya upana wa mkono, na usitumie kamba nyembamba. Nne, asivae akifanya kazi, na ile blanketi ya kazini iliyoloa jasho isigeuzwe ya kulalia. Tano, itolewe kila siku. Tia mkono chini yake nyuma ya bega. Kama kuna jasho, itoe. Blanketi inayokaa wiki nzima ni gunia lingine tu, lenye rangi nzuri.

Umeona? Yule msichana wa Uingereza na khocha wangu wanafanya kitu kimoja. Wote wawili wanaweka kitambaa kwa mnyama. Tofauti ni kwamba yule alifundishwa kuingiza mkono chini na kuangalia. Si mapenzi yanayowatofautisha, ni mafunzo.

Najua komenti itakayokuja ya kwanza: "Bro, watu hawana blanketi wewe unaongea ya punda?" Naikubali, ni swali la haki. Kuna watoto huko mlimani wanalala kwa baridi. Lakini hebu nijibu kwa shilingi. Punda akiwa na kidonda cha mgongo kinachohitaji wiki tatu kupona, hizo ni wiki tatu bila maji ya kuuza, bila mahindi ya kubeba, bila karo. Nani analala njaa kwanza? Si punda. Punda anakula nyasi. Ni yule mtoto asiye na blanketi. Tandiko la punda ni blanketi la mtoto.

Na punda si kitu cha kununua tena kesho. Kumbukeni yaliyotupata. Kuanzia mwaka wa 2016 machinjio ya punda yalifunguliwa nchini, Mogotio, Naivasha, Machakos na Turkana, ngozi zikaenda China kutengenezea dawa inayoitwa ejiao. Wizi wa punda ukawa biashara. Mtu analala na punda wanne, anaamka anapata kamba. Februari 2020 waziri wa kilimo wa wakati huo, Peter Munya, akapiga marufuku uchinjaji, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikaitangua ile marufuku. Sensa ya 2009 ilihesabu punda karibu milioni 1.8 Kenya. Ile ya 2019 ikapata karibu milioni 1.2. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kusimamisha biashara ya ngozi za punda bara zima kwa miaka 15. Nawapongeza. Lakini kuna ucheshi mchungu kumlinda punda asichunwe ngozi na mchina, halafu sisi wenyewe tumchune kidogo kidogo na gunia.

Komenti ya pili itakuwa: "Si kuna sheria? Washikwe." Kweli, iko. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inasema ni kosa kumbebesha mnyama kupita kiasi au kumfanyisha kazi akiwa na kidonda. Sina shida na sheria. Shida yangu ni kwamba mara nyingi anayeendesha mkokoteni si mwenye punda. Ni kijana wa umri wetu, analipwa kwa kila safari, na tajiri anataka hesabu jioni. Kijana akisema "leo punda apumzike", anaambiwa "basi na wewe pumzika". Ukimshika huyo kijana ukamweka ndani, kesho kuna mwingine, na gunia ni lile lile.

Na hapa nataka niseme na nyinyi watengeneza maudhui wenzangu, kwa sababu najua kuna mmoja anasoma hii akifikiria vidio. Kuposti si dhambi. Mwaka wa 1930 mama mmoja Mwingereza, Dorothy Brooke, alifika Cairo akakuta farasi waliotumika na jeshi katika Vita vya Kwanza vya Dunia wakivuta mikokoteni, wazee, mifupa mitupu. Waliuzwa vita vilipoisha. Mama akaandika barua kwa gazeti la London, na hiyo ndiyo ilikuwa posti ya wakati ule. Watu walikasirika, kama wenu wanavyokasirika. Lakini alichofanya baadaye ndicho cha maana. Alitumia pesa zilizochangwa kununua wale farasi kutoka kwa wenyewe. Alilipa. Alijua yule Mmisri maskini bila farasi hana chakula. Mwaka wa 1934 akafungua hospitali ya kutibu wanyama wa maskini bure, na shirika lililotokana na kazi yake bado linafanya kazi hadi leo, hata hapa Kenya. Angeishia kwa barua, tusingemjua.

Mimi niliishia kwa barua. Hilo ndilo kosa langu.

Kwa hivyo naomba vitu vitatu, na hakuna hata kimoja kinachohitaji mfadhili.

Cha kwanza, kwa mafundi wa jua kali mnaounda mikokoteni Bungoma, Kimilili, Kitale: msiuze mkokoteni bila tandiko na mkanda wa kifua. Fundi wa bodaboda hauzi pikipiki bila kiti. Ongezeni hizo mia chache kwa bei. Mama mmoja mwenye cherehani kando ya karakana yako atapata kazi, na wewe utapata mteja ambaye punda wake hafi.

Cha pili, kwa maofisa wa mifugo wa kaunti: mnapokuja kuchanja ng'ombe, mwiteni na mwenye punda. Dakika kumi, gunia moja, sindano moja, onyesheni. Punda amekaa muda mrefu sana kama mnyama asiye na idara.

Cha tatu ni chetu, sisi wa mjini. Sisi ndio tunaokodi hiyo mikokoteni. Ukihama bedsita, unaita punda. Ukijenga, mchanga unaletwa na punda. Maji yakipotea mtaani, jeri kani zako zinaletwa na punda. Kabla hujakubali bei, mwambie yule kijana kwa heshima: "Buda, inua gunia nione." Kukiwa na kidonda, usimtukane, usitoe simu. Mwambie utasubiri punda mwingine, na umwelekeze kwa mtu wa kumsaidia. Wateja kumi wakisema hivyo kwa wiki, tajiri atanunua tandiko kwa mbio kuliko polisi wakimfuata.

Nekesa alipumzika wiki nne. Khocha alikopa ili apumzike, na deni lile nilisaidia kulipa, kwa sababu ile vidio ilikuwa imeniingizia wafuasi na wafuasi walikuwa wameniletea kazi mbili za matangazo. Ilionekana haki. Kidonda kilifunga, manyoya yaliyoota pale ni meupe, kwa hivyo kila nikienda naona ile posti yangu mgongoni mwake.

Mara ya mwisho nilipoenda ilikuwa inanyesha. Nilimkuta khocha chini ya mabati, amelowa yeye mwenyewe mpaka viatu, anamsugua Nekesa kwa gunia la katani. Nikamwambia, "Khocha, si ubadilishe nguo kwanza, utashikwa na homa." Akasema bila kugeuka, "Nguo yangu naweza kuivua mwenyewe. Hii yake nani ataivua?"

Simu ilikuwa mfukoni. Niliiacha huko, nikachukua gunia lingine nikashika upande wa pili.